Umeziona Wapi?

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, nikiwa nasahihisha madaftari ya kidato cha kwanza. Mtoto wa dada yangu, aliyeanza chuo mwezi uliotangulia, alinitumia picha ya karatasi yake ya prakto ya baiolojia. Mchoro wa seli ya kitunguu. Mistari imenyooka, kila kitu kina jina lake, na ndani ya seli amepanga kloroplasti saba, zile chembe za kijani ambazo mmea hutumia kupika chakula kwa jua, zote amezipaka penseli ya kijani.

Pembeni, kwa wino mwekundu: 3/10.

Chini ya picha akaandika: "Shikamoo mama mdogo. Nimekosea wapi? Mbona nimechora kila kitu?"

Nikamjibu: marahaba mwanangu, nitakupigia kesho.

Kesho yake sikumpigia. Wiki ile ikaisha, ikaja nyingine, ikaja ya tatu. Jibu nilikuwa nalo, na halifiki hata dakika moja kulisema: seli za ngozi ya kitunguu hazina kloroplasti. Kilichonifunga mdomo ni zile kloroplasti zenyewe. Tatu juu, nne chini.

Hivyo ndivyo ninavyozipanga mimi.

Mtoto wa Ruaha Mbuyuni

Anayesafiri barabara ya Morogoro kwenda Iringa anatujua kwa vitunguu. Vimejaa kwenye nyavu, vimepangwa kando ya lami, na basi likisimama tu wauzaji wameshafika dirishani. Mimi nimekulia huko. Nimebeba miche kutoka kitaluni nikiwa sijaanza darasa la kwanza, nimesimama kwenye matope ya mfereji, nimekaa chini ya mti na mama tukikata majani na kuchambua vikubwa na vidogo. Kitunguu ndicho kilichonilipia ada.

Kwa hiyo siku ya prakto ya kwanza chuoni, nilipoona mwalimu ameweka kitunguu mezani, nilijisikia nimeletewa ndugu.

Tulikuwa sita kwa hadubini moja. Shuleni kwetu ilikuwepo moja kwa shule nzima, inakaa kabatini, na miaka yote sita niliiona ikitolewa mara mbili. Sikuwahi kuweka jicho. Wenzangu wawili kwenye meza ile walitoka shule zenye maabara nzuri, nao wakaanza kazi bila hata kusoma maelekezo. Mimi nikasimama nyuma nikisubiri zamu.

Kazi yenyewe ni ndogo ukiijua. Unakata kitunguu, unachukua gamba moja nene, unalivunja taratibu, na kwa upande wa ndani unakuta ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara. Unaibandua kwa kibanio, unailaza kwenye tone la maji juu ya slaidi bila kuiacha ijikunje. Unaongeza tone la iodini. Kisha kile kioo chembamba cha kufunikia unakishusha kwa kukiinamisha, ukingo mmoja utangulie, kwa sababu ukikidondosha kama kifuniko cha sufuria unafungia hewa ndani.

Zamu yangu ilipofika niliona duara lenye ukingo mweusi mnene, linang'aa katikati. Nikafurahi. Nikasema moyoni, hii ndiyo seli.

Lilikuwa povu la hewa.

Dada mmoja wa meza yangu akalisogeza pembeni, akanionyesha vyumba virefu vilivyobanana kama matofali ya ukutani. Nikaangalia labda sekunde ishirini, wa nyuma yangu akawa ananigusa bega. Nikarudi kwenye kiti changu. Muda ulikuwa unakwisha, na mimi nilikuwa na seli ya mmea kichwani tangu kidato cha kwanza, naijua usiku na mchana. Nikaichora. Ukuta, utando, kiini katikati, kloroplasti. Halafu, kwa kuwa tuliweka iodini, nikaandika kwamba rangi ilibadilika ikawa bluu nyeusi. Iodini si ndivyo inavyofanya?

Swali la mzee wa maabara

Aliyepita kukagua hakuwa mhadhiri. Alikuwa fundi wa maabara, mtu mzima mwenye koti lililopauka, tuliyemwita mzee. Mitihani ilikuwa kwa Kiingereza, mihadhara kwa Kiingereza, na mzee alituhudumia kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho.

Akaweka kidole kwenye mchoro wangu.

"Binti, hizi za kijani umeziona wapi?"

"Kwenye kitabu, mzee."

"Nimekuuliza kwenye hadubini."

Nikanyamaza.

"Na hii bluu nyeusi?"

Nikainua macho kwenye slaidi yetu. Ilikuwa ya njano inayoelekea kahawia. Ilikuwa mezani mbele yangu, wala haikuhitaji hadubini, na mimi nilikuwa nimeandika bluu nyeusi.

Nimeirudia siku hiyo mara nyingi sana kichwani. Nadhani kilichonikamata ni lugha. Kwa Kiingereza ningemtolea sentensi ya kitabu, tena iliyonyooka, na kwa mitihani mingi niliyokuwa nimefanya mpaka siku ile sentensi hiyo ingenipa alama. Lakini umeziona wapi ni swali la nyumbani. Mama huuliza hivyo mtoto akija na habari za mtaani. Ukiulizwa hivyo, unataja mahali, au unakiri kwamba hukuona.

Nilipata 2 kati ya 10.

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi: nilikuwa na kila sababu ya kujua. Mkulima yeyote wa kwetu anajua kwamba chakula cha kitunguu hupikwa na majani ya juu, yale ya kijani yaliyosimama kama mirija. Ndiyo maana ugonjwa ukiyashika majani mapema, unavuna vitunguu vidogo kama gololi. Chini ni ghala tu. Yale magamba tunayoyamenya ni vitako vya majani vilivyovimba kwa akiba, vimefunikwa, havipati kazi ya jua. Ghala likishajaa, shingo hulegea na majani hulala yenyewe, nasi tunajua muda wa kuvuna umefika. Mama yangu angekuambia haya bila kufungua daftari. Tena akiba yenyewe ni sukari, siyo wanga kama wa muhogo, ndiyo maana kitunguu kikikaangwa taratibu kinageuka kahawia na kuwa kitamu, na ndiyo maana iodini, ambayo hugeuza wanga kuwa bluu nyeusi, haikuwa na cha kugeuza.

Haya yote nilikuwa nayo. Sikuyaleta maabara. Nilidhani baiolojia ni kitu kingine.

Vyumba vitupu

Wiki hiyohiyo mhadhiri alitutajia Robert Hooke. Wengi tuliandika jina na mwaka, 1665, tukasubiri linalofuata. Mimi nilibaki hapo.

Hooke alikata kipande chembamba cha gamba la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, akakiweka chini ya hadubini yake. Akaona vyumba vidogo vidogo vimepangana. Akaviita kwa neno la Kilatini la chumba kidogo, nasi mpaka leo tunasema seli. Gamba lile lilikuwa limeshakufa, kwa hiyo vyumba vilikuwa vitupu. Na yeye akavichora vitupu.

Hakuna kiini kwenye mchoro wake. Kiini kilikuja kupewa jina na Robert Brown mwaka 1831, alipokuwa anachunguza ngozi za majani ya okidi. Kati ya wawili hao ni miaka 166.

Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi, maana viti vilikuwa vimejaa, nikawaza: huyu mtu alichora chumba kitupu kwa sababu aliona chumba kitupu. Mimi nina kila kitu alichokosa yeye, na nimejaza chumba kwa vitu ambavyo havimo.

Madesa

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilibadilika. Sikubadilika.

Kaka mmoja wa mwaka wa tatu alinipa rundo la madesa, kurasa zilizokunjamana zilizopita mikono ya watu wengi kabla yangu. Akaniambia kwa nia njema kabisa: kariri haya, utatoboa. Hofu ya kudisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, ilikuwa kubwa kuliko aibu ya kitunguu, kwa hiyo nilikariri. Usiku bwenini, tukiwa tumebebana wawili kitanda kimoja, nilikuwa nautaja mzunguko wa Krebs kwa sauti ya chini kama mtu anayesali.

Na sitaki mtu anisome vibaya. Kukariri kupo na kutakuwepo. Asidi za amino ni ishirini, huwezi kuziota. Majina mengine yana vipande vinavyojirudia, na ukijua kwamba lisisi ni kuvunjika au kulegea, maneno kumi yanafunguka kwa mkupuo mmoja. Mengine unayameza tu.

Lakini tesiti ya kwanza ilikuja na swali hili: mgonjwa aliyepungukiwa maji akitundikiwa dripu ya maji matupu badala ya maji yenye chumvi ya kiasi chake, chembe nyekundu za damu zitakuwaje, na kwa nini?

Nilikuwa naijua osmosisi, ile safari ya maji kupita kwenye utando wa seli, neno kwa neno. Niliandika tafsiri yake yote, bila kukosea herufi. Juu ya mgonjwa sikuandika hata mstari mmoja, kwa sababu kwenye madesa hapakuwa na mgonjwa.

Bakuli la kachumbari

Likizo fupi nikarudi nyumbani. Mama alikuwa anaandaa kachumbari. Alikata vitunguu vyembamba, akavimwagia chumvi, akavifikicha kidogo, akaviacha kwenye bakuli akaenda kugeuza maharage.

Nimeona hilo mara elfu. Siku ile nikainama juu ya bakuli.

Vitunguu vilikuwa vinalegea. Vilivyokuwa vigumu, vinavyokatika kwa mlio, vilianza kuinama kama kamba. Na chini ya bakuli maji yalikuwa yanajikusanya, ya zambarau hafifu, wakati hakuna aliyemwaga maji.

"Unatafuta nini humo?" mama akauliza.

"Mama, haya maji yametoka wapi?"

"Si kwenye kitunguu chenyewe? Chumvi inayavuta."

Chumvi inayavuta. Nilikariri kurasa mbili za osmosisi na mama yangu ameniambia kwa maneno mawili, huku mgongo kanipa.

Niliporudi chuoni nilimfuata mzee wa maabara, nikamwomba hadubini kwa nusu saa. Hakuuliza sababu. Nilibandua ngozi ya nje ya gamba la kitunguu chekundu, ile yenye zambarau, nikaiweka kwenye maji. Safari hii sikuwa na mtu nyuma yangu. Nilianza na lenzi ndogo, ile ya mara nne, kama inavyotakiwa, nikatafuta sehemu isiyojikunja, ndipo nikapanda.

Kila chumba kilikuwa kimejaa rangi hadi ukutani. Nikadondosha tone la maji ya chumvi ukingoni mwa kioo, na upande wa pili nikagusisha kipande cha karatasi laini ili kuyavuta yapite chini. Nikasubiri.

Yalianza kwenye pembe. Rangi ikaachana na ukuta kwenye kona moja, kisha nyingine, ikawa kama mfuko unaonywea ndani ya chumba ambacho chenyewe hakibadiliki. Ukuta umesimama palepale. Ndani, mfuko wa zambarau unazidi kuwa mdogo, unazidi kukolea.

Ule ukingo wa mfuko, huo ndio utando wa seli. Miaka yote nilikuwa nauchora kama mstari wa pili ndani ya ukuta, na ukweli ni kwamba seli ikiwa imejaa maji utando umebanwa ukutani, huuoni. Niliuona kwa mara ya kwanza ulipobanduka.

Nikavuta maji ya kawaida badala ya chumvi. Mifuko ikarudi polepole kujaa.

Nikamkumbuka mgonjwa wa tesiti. Chembe nyekundu ya damu haina ukuta. Ukiitumbukiza kwenye maji matupu, maji yanaingia, yanaingia, na hakuna kinachoizuia kupasuka. Kitunguu kina ukuta wa kukishikilia, damu haina. Swali lilikuwa hilo tu.

Nilibaki nimesimama pale maabara, na nasema kweli, machozi yalinitoka, wala hayakuwa ya kitunguu. (Ya kitunguu nayo yana habari yake: viungo vinavyoyaleta vimetengwa sehemu tofauti ndani ya seli, havikutani mpaka kisu kivunje kuta. Kuna kimeng'enya kinachohusika ambacho watafiti wa Japani walikitambulisha mwaka 2002 tu. Watu wamelia jikoni enzi zote hizo bila kujua ni nani hasa anayewaliza.)

Ubao wangu

Basi, mtu aliyepita huko kote amekuwa mwalimu. Na kila mwaka, kidato cha kwanza, nachora ubaoni seli ya mmea yenye kila kitu.

Najitetea hivi: mchoro wa kitabu ni ramani. Hakuna seli moja inayofanana nayo, umekusanya vitu kutoka seli nyingi ili mwanafunzi avijue kwa pamoja. Ni kweli. Ila je, huwa nawaambia? Nilijiuliza kwa wiki tatu nikiwa nasahihisha. Nina watoto wengi darasani, hadubini mbili, moja kioo chake kimepasuka. Mtihani wa taifa utauliza majina ya sehemu. Nikianza kuwaambia hii haipo hivi, ile haionekani hivi, nitamaliza lini?

Nikakumbuka likizo moja, mtoto wa dada yangu akiwa kidato cha pili, alivyokuja kwangu na daftari lake. Nilimchorea ile seli kwenye meza ya chakula. Kulikuwa na kikapu cha vitunguu jikoni, hatua nne kutoka tulipokaa. Sikunyanyuka.

Miaka minne ameibeba seli yangu. Ameivusha kidato cha nne, kidato cha sita, ikampa alama nzuri, ikamfikisha chuoni. Kisha ameiweka mbele ya hadubini, na kati ya alichokiona kwa jicho lake na alichopewa na mama yake mdogo, amenichagua mimi.

Ndiyo maana sikuweza kupiga simu.

Jumamosi

Nikapiga jana, baada ya kufua.

Nilianza na lililokuwa zito. "Mwanangu, kosa la kwanza ni langu. Zile kijani nilikupa mimi, na nilipokupa sikukuambia ni za seli zipi."

Akanyamaza kidogo. "Lakini mama mdogo, mimi sikuziona. Nilidhani hadubini yetu mbovu."

Hadubini mbovu. Nikakaa chini.

Tukaongea karibu saa nzima. Nilimwambia kuhusu majani na ghala, akacheka akasema bibi angenichapa. Nikamwambia arudie, na mengine ya kawaida nikayapitia harakaharaka: penseli yenye ncha, mstari mmoja usiokatika, asipake rangi wala kivuli, mistari ya majina isipishane. Afungue macho yote mawili anapoangalia, la sivyo atachoka. Na ile x400 aliyoandika chini ya mchoro aifute, kwa sababu hiyo ni kazi ya lenzi, kumi mara arobaini. Mchoro una hesabu yake. Kama seli ina urefu wa milimita 0.3 na yeye ameichora milimita 90, basi ameikuza mara 300, hata kama alikuwa anaangalia kwa lenzi gani.

"Na kama kitu sikielewi?"

"Kichore. Weka alama ya kuuliza."

"Watanipa alama kwa alama ya kuuliza?"

Sikumdanganya. Nikamwambia sijui, inategemea anayesahihisha.

Leo mchana amenitumia picha mpya. Vyumba vinne virefu vilivyobanana, karibu vitupu. Viini vimesukumwa pembeni, kimoja hakipo kabisa na yeye hakukiweka. Hakuna kijani. Juu kulia amechora duara lenye ukingo mnene mweusi, kubwa, limekatiza mistari ya seli mbili, na kando yake ameweka alama ya kuuliza.

"Mama mdogo, hiki sikielewi. Hakimo kwenye kitabu, lakini nimekiona kweli."

Nimeisoma mara mbili, kisha nikamwandikia: "Rudi kwenye slaidi. Gusa kioo cha juu kwa ncha ya penseli, polepole. Niambie kinafanya nini."